Namba za Janga Zisipokaa Sawa: Kutafuta Kasoro Kati ya Wodi na Meza ya Waziri

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshika jedwali la wagonjwa na vifo vya janga, akalitazama, na moyo ukakataa kutulia. Huenda ni mwandishi wa habari anayesubiriwa na mhariri jioni, au mwanafunzi wa afya ya jamii anayeandika tasnifu, au mwananchi wa kawaida anayetaka kujua kama wilaya yake imepona kweli au imenyamazishwa. Nimezipanga dalili kwa jinsi zinavyojitokeza machoni pa msomaji wa takwimu, kisha kwa kila dalili nimeeleza kinachoweza kuileta na namna ya kuzitenganisha sababu zinazofanana. Mifano mingi ni ya Uviko-19, kwa kuwa ndilo janga ambalo nchi karibu zote zililazimika kulihesabu kwa wakati mmoja, chini ya tawala za kila namna.

Kwanza, ijue njia ya namba

Mgonjwa hufika zahanati au hospitali. Mhudumu humwandika kwenye rejesta, na kama kuna vifaa, sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara. Majibu hurudi, hujumlishwa wilayani kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, hupanda mkoani, hufika wizarani, na mwisho husomwa na waziri mbele ya vipaza sauti. Katika kila kituo cha safari hiyo ameketi mtu mwenye kazi ya kuhesabu, na juu yake yupo mtu anayeweza kumpandisha cheo, kumhamisha, au kumsimamisha kazi. Ukilisahau hilo la pili utaitafuta kasoro kwenye mashine za maabara peke yake, na mara nyingi haimo humo.

Kasoro zenyewe ni za aina mbili. Kuna kasoro ya uwezo, pale ambapo watu wangependa kuhesabu lakini hawana vipimo, hawana watumishi, au wafu wanazikwa bila kuandikishwa popote. Na kuna kasoro ya ruhusa, pale ambapo hesabu ipo, au ingeweza kuwepo, lakini aliye nayo haruhusiwi kuisema. Zote mbili huzaa matokeo yaleyale, yaani namba ndogo kuliko ukweli, na ndiyo maana watu huzichanganya: nchi maskini hushutumiwa kwa uongo ambao haikuusema, na nchi yenye kuficha husamehewa kwa kisingizio cha umaskini. Kazi yote ya mwongozo huu ni kuzitenganisha hizo mbili, na swali la kuzitenganishia ni moja. Ni nani mwingine anayeweza kuhesabu kitu hikihiki, na akitoka na namba tofauti, atafanywa nini?

Dalili: namba imesimama

Jedwali linasogea kwa wiki kadhaa, kisha linaganda. Mfano unaojulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni wa Tanzania. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo jumla ilikuwa imefika wagonjwa 509 na vifo 21, na hapo ikakaa kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli zilizochukuliwa kwenye papai na mbuzi, zikapewa majina ya watu na kupelekwa maabara, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Siku iliyofuata mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Mwezi Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa nguvu ya maombi.

Namba iliyosimama inaweza kuwa na maana tatu. Inawezekana ugonjwa umekwisha kweli. Inawezekana upimaji umesimama. Inawezekana upimaji unaendelea lakini majibu hayatoki nje. Ili ujue uko wapi, usiitazame idadi ya wagonjwa. Tafuta idadi ya vipimo vilivyofanyika katika kipindi hichohicho. New Zealand ilikaa siku 102 bila maambukizi ya ndani hadi Agosti 2020, na tunaiamini sifuri hiyo kwa sababu watu waliendelea kupimwa kwa maelfu, majibu yakachapishwa kila siku, na vifo vya sababu zote mwaka ule vilikuwa chini ya kawaida. Sifuri yenye vipimo nyuma yake ni habari njema. Sifuri isiyo na vipimo ni ukurasa mtupu.

Vipimo vikikosekana nenda mpakani, kwa sababu mpaka ni mahali ambapo nchi moja huhesabiwa na nyingine. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma, baada ya wagonjwa 76 kugunduliwa katika mji huo mdogo kwa siku moja. Kenya nayo, mwezi huohuo, ilizuia watu kuvuka kutoka Tanzania isipokuwa madereva wa mizigo, na madereva hao wakawa wanapimwa. Hakuna waziri wa Dodoma aliyeweza kuizuia maabara ya ng'ambo ya mpaka isiandike ilichokiona. Kwa mtafiti, dereva wa lori aliyepimwa Namanga ana thamani kubwa: si sampuli nzuri ya taifa zima, lakini ni ushahidi uliotoka nje ya mkono wa anayetuhumiwa kuficha.

Burundi ilionyesha dalili hii kwa sura nyingine. Mei 2020, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 20, serikali iliwafukuza maofisa wanne wa Shirika la Afya Duniani, mwakilishi wa shirika hilo nchini akiwa miongoni mwao. Unapoona anayeweza kuthibitisha namba anaondolewa wakati namba bado iko chini, hesabu tukio hilo kuwa sehemu ya takwimu. Liandike kwenye jedwali lako kwa tarehe yake, pembeni ya idadi ya wagonjwa wa wiki hiyo.

Dalili: namba laini kupita kiasi

Hii huwapita wengi kwa sababu inapendeza macho. Janga la kweli huruka-ruka. Jumatatu maabara hutoa majibu ya mwisho wa wiki kwa mkupuo, sikukuu hupunguza watu hospitalini, umeme hukatika, vitendanishi (kemikali za kupimia) huisha, kisha shehena mpya huwasili. Jedwali lenye afya lina mabonde na vilima.

Chukua mfano wa kutunga. Wilaya inatangaza kwa siku saba mfululizo: 97, 99, 98, 98, 96, 99, 97. Wastani ni karibu 98. Mambo yanayotokea kwa kubahatisha, hata yakiwa na wastani usiobadilika, hutawanyika kiasi cha kipeuo cha pili cha wastani huo, ambacho kwa 98 ni karibu 10. Maana yake ni kwamba karibu theluthi moja ya siku zingetakiwa kuanguka chini ya 88 au kupanda juu ya 108, na hapo hatujahesabu mwisho wa wiki wala foleni za maabara, ambazo huongeza mtawanyiko. Siku saba zote kukaa kati ya 96 na 99 si bahati ya kawaida. Mfano halisi unaofanana na huu ulionekana katika mkoa wa Krasnodar, Urusi, Mei 2020, ambako idadi ya wagonjwa wapya ilizunguka chini kidogo ya 100 siku baada ya siku, hadi mtaalamu wa takwimu Dmitry Kobak akaufanya ulaini wa namba kuwa kipimo cha kukagua taarifa za nchi mbalimbali.

Sababu yake ni nini? Mara chache huwa ni mtu mmoja anayetunga namba ofisini. Mara nyingi zaidi ni kiwango kisichoandikwa. Ofisa wa chini anajua kwamba akivuka 100 ataulizwa, na mkoa wake ukishuka ghafla ataulizwa pia, basi anabakiza ziada ya leo aijazie kesho. Yeye mwenyewe huenda hajioni kuwa mwongo, anajiona amenusurika. Hapa ndipo uhuru wa kisiasa unapogusa tarakimu moja kwa moja, kwa sababu ofisa asiyeogopa kuulizwa hana haja ya kulainisha. Kabla hujatoa hukumu, hata hivyo, ondoa uwezekano mmoja wa halali: maabara ndogo isiyoweza kupima zaidi ya sampuli mia mbili kwa siku. Hiyo itakupa idadi ya *vipimo* iliyonyooka, lakini wagonjwa kati ya waliopimwa bado watapanda na kushuka. Vikinyooka vyote viwili, kasoro haiko maabara.

Dalili: mruko wa ghafla

Namba inapanda mara mbili au mara nne kwa usiku mmoja. Watu husema, "Kumbe walikuwa wanatudanganya." Wakati mwingine ni kweli, na wakati mwingine mruko ndiyo dalili ya uponaji.

Linganisha matukio mawili. Tarehe 31 Mei 2021 Peru iliipitia upya hesabu yake ya vifo, ikaipandisha kutoka 69,342 hadi 180,764. Kabla ya hapo kifo kilihitaji kipimo chenye majibu chanya. Jopo la wataalamu lililoundwa na serikali likaongeza vifo vya watu waliokuwa na dalili za wazi au waliounganishwa na wagonjwa wanaojulikana. Kigezo kipya kikachapishwa na vifo vya nyuma vikarekebishwa. Peru ikaonekana kuwa na kiwango cha juu kabisa cha vifo duniani kwa idadi ya watu wake, na ikakubali kuonekana hivyo.

Uturuki ilikwenda njia nyingine. Tangu mwisho wa Julai 2020 wizara yake ya afya ilikuwa inatangaza "wagonjwa", yaani wenye dalili tu, bila kuwaambia wananchi kuwa waliokutwa na virusi lakini hawana dalili wameachwa nje. Waziri Fahrettin Koca alilikiri hilo mwisho wa Septemba. Kilichosukuma mambo zaidi ni chama cha madaktari, ambacho hakikukaa kimya, na manispaa ya Istanbul, ambayo meya wake, Ekrem İmamoğlu, alikuwa wa upinzani. Manispaa ndiyo inayozika. Meya akasema hadharani kwamba vifo vya magonjwa ya kuambukiza vilivyoandikwa katika jiji lake peke yake vilizidi vifo vya Uviko-19 vilivyotangazwa kwa nchi nzima. Tarehe 25 Novemba wizara ikarudi kuwahesabu wote waliokutwa na virusi, na namba ya siku ikaruka kutoka watu 7,381 hadi 28,351.

Maswali ya kuuliza mbele ya mruko ni haya: je, kigezo kipya kimeandikwa mahali mtu anaweza kukisoma? Je, namba za nyuma zimerekebishwa, au ni za leo tu zilizobadilika huku za jana zikiachwa zidanganye? Na mabadiliko yalitoka wapi, kwa wataalamu waliopewa kazi hiyo au kwa shinikizo la watu waliokwisha kuliona daftari la makaburi? Jimbo la Hubei, China, nalo liliruka tarehe 12 Februari 2020, wagonjwa 14,840 kwa siku moja, kwa kuwa waliotambuliwa na madaktari bila kipimo cha maabara walianza kuhesabiwa. Mruko ule ulikuwa na maelezo ya kitaalamu yanayokubalika. Kilichofanya watu wasiuamini ni yaliyoutangulia: daktari Li Wenliang wa Wuhan, aliyewatahadharisha wenzake tarehe 30 Desemba 2019, alikuwa ameitwa polisi na kutiishwa asaini karatasi ya onyo, na siku tano kabla ya mruko huo alikuwa amefariki kwa ugonjwa huohuo.

Mwelekeo unaweza kuwa wa kushuka pia. Agosti 2020 Uingereza ilifuta zaidi ya vifo 5,000 kwenye jumla yake kwa kuweka ukomo wa siku 28 kati ya kipimo na kifo. Kwa kuwa kigezo kilitangazwa na ofisi huru ya takwimu iliendelea kuchapisha hesabu yake ya vyeti vya vifo, aliyetaka kupinga alikuwa na cha kupingia.

Dalili: vifo vipo, lakini vina majina mengine

Mwanzoni mwa mwaka 2021 nilisimama kwenye foleni ya mochwari ya hospitali moja kumchukua mjomba wangu. Mbele yangu kulikuwa na familia nne. Karani alisoma kila karatasi kwa sauti ili wenyewe wahakikishe majina, na kwa marehemu watatu kati ya hao, pamoja na wetu, sababu ya kifo ilikuwa "changamoto ya upumuaji". Mjomba hakuwa amepimwa kitu. Nesi aliyetutolea nguo zake alitutazama, akasema taratibu, "Mkazike mapema, na wazee wasikae karibu," halafu akaondoka. Mkononi nilikuwa na hati rasmi, na masikioni nilikuwa na taarifa ya kweli, na hizo mbili hazikufanana.

Wakati ule kila mtu aliyekuwa na simu aliziona tanzia zikifuatana kwenye makundi ya WhatsApp, za maprofesa, mapadri, wanasheria, wastaafu. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba ana korona. Chama chake kilithubutu kulitaja jina la ugonjwa. Karatasi nyingi za siku zile hazikuthubutu.

Dalili hii hutibiwa kwa kipimo kimoja chenye nguvu kuliko vyote: vifo vya ziada. Huulizi nani alikufa kwa nini. Unahesabu waliokufa kwa sababu zote, unalinganisha na wanaokufa miaka ya kawaida katika miezi hiyohiyo, na tofauti ndiyo kivuli cha janga. Unaweza kubadilisha jina la ugonjwa kwenye cheti, lakini ni vigumu sana kumwondoa maiti kwenye hesabu ya maiti. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria, Mei 2022, kwamba janga lilichukua watu milioni 14.9 katika miaka ya 2020 na 2021, wakati vifo vilivyoripotiwa na serikali vilikuwa karibu milioni 5.4. Kwa India makadirio yalikuwa milioni 4.7 dhidi ya takriban 481,000 zilizotangazwa, na serikali ya India ikayapinga vikali. Urusi iliumbuliwa na daftari lake lenyewe: kikosi kazi cha janga kilikuwa na vifo takriban 55,000 mwishoni mwa 2020, lakini idara ya takwimu iliendelea kuandikisha wafu wote, na Desemba mwaka huo naibu waziri mkuu Tatyana Golikova akasema zaidi ya asilimia 81 ya vifo vya ziada vilitokana na korona. Hesabu hiyo ilimaanisha zaidi ya watu 186,000.

Lakini kipimo hiki kinahitaji daftari la vifo, na kwetu daftari hilo lina mapengo. Vijijini mtu hufa nyumbani, huvishwa sanda na majirani, na huzikwa nyuma ya nyumba pasipo cheti. Hapa ndipo penye haja ya tahadhari kubwa, kwa sababu kasoro ya uwezo huvaa nguo za kasoro ya ruhusa. Mjini Lusaka watafiti walipima maiti zilizoletwa mochwari kati ya Juni na Septemba 2020 na kukuta virusi katika kati ya asilimia 15 na 20 ya hizo. Walio wengi walikuwa wamefia majumbani na hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Kenya, ambako Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, na wasaidizi wake walisoma takwimu mbele ya kamera siku kwa siku, uchunguzi wa damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 ulionyesha kwamba mamia ya maelfu ya watu, au zaidi, walikwisha kuambukizwa wakati waliothibitishwa walikuwa maelfu machache tu. Zambia na Kenya hazikuwa zinaficha maiti hizo wala damu hiyo. Ushahidi ni kwamba watafiti waliachwa wapime, wakaachwa wachapishe, na hakuna aliyewafuata kazini. Kasoro ya uwezo hukubali kupimwa na kutajwa.

Kama daftari la vifo halipo, tafuta vitu vinavyofanya kazi badala yake: idadi ya makaburi mapya kwenye makaburi ya manispaa, vibali vya mazishi kwa mtendaji wa mtaa, mauzo ya majeneza na sanda, kurasa za tanzia magazetini, orodha za misikiti na parokia. Kimoja peke yake hakitoshi, vitatu vikienda upande mmoja unaweza kuandika.

Dalili: msemaji ni mmoja

Namba zinatoka, pengine zinatoka kila siku, lakini zinatoka tundu moja, na kila anayezigusa anaumia. Usisubiri namba ipinde ndipo uitilie shaka. Soma sheria. Mwaka 2018 Tanzania iliirekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai. Marekebisho ya 2019 yakalegeza kamba hiyo. Julai 2020, katikati ya janga, kanuni za maudhui ya mtandaoni zikazuia kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza pasipo kibali cha mamlaka. Mtu aliyetaka kuhesabu makaburi mwaka ule hakukosa macho wala kalamu.

Tofauti inaonekana ukiitazama Brazili. Mwanzoni mwa Juni 2020 wizara ya afya ya huko, chini ya Rais Jair Bolsonaro, aliyekuwa akiudharau ugonjwa hadharani, iliondoa jumla za wagonjwa na vifo kwenye tovuti yake ikabakiza za saa 24 tu. Ndani ya siku chache mambo mawili yakatokea. Jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, Alexandre de Moraes, akaamuru namba zirudishwe, na zikarudi. Magazeti na vituo vya habari vinavyoshindana kila siku sokoni vikaungana, vikawa vinakusanya namba moja kwa moja kutoka idara za afya za majimbo 26 na mji mkuu, na kutangaza jumla yao wenyewe. Rais hakubadilika tabia. Ila alikuwa amezungukwa na watu asioweza kuwanyamazisha: magavana waliochaguliwa, majaji, wahariri. Hiyo ndiyo kazi halisi ya uhuru wa kisiasa kwenye takwimu. Haumfanyi mtawala kuwa mkweli, bali unamnyima uwezo wa kuwa mwenye hesabu peke yake.

Si jambo la leo. Homa kuu ya 1918 iliitwa ya Hispania kwa sababu Hispania haikuwa vitani na magazeti yake yaliruhusiwa kuandika, hata Mfalme Alfonso XIII alipougua, wakati nchi zilizokuwa vitani zilifunga midomo ya magazeti yao. Aliyesema akabandikwa jina la ugonjwa kwa zaidi ya miaka mia.

Pale utambuzi unapokwenda kombo

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu anayechukua orodha ya nchi huru na zisizo huru, kisha anazipa namba zao alama kwa kufuata orodha hiyo. Jimbo la New York liko katika nchi yenye magazeti huru na mahakama huru. Hata hivyo, ripoti ya mwanasheria mkuu wa jimbo ya Januari 2021 ilionyesha kuwa vifo vya wazee wa nyumba za matunzo huenda vilipunguzwa kwa hadi asilimia 50, kwa kuwa mzee aliyetolewa pale akafia hospitali hakuhesabiwa kuwa wa nyumba ya matunzo. Kwa upande mwingine Rwanda, ambayo taasisi ya Freedom House huiweka kati ya nchi zisizo huru, ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa hatari ya virusi, tarehe 27 Septemba 2024, ikatoa idadi ya wagonjwa, waliokufa na waliopona kwa mfululizo, na ikafunga hesabu kwa wagonjwa 66 na vifo 15, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya.

Rwanda ilitangaza kwa kuwa viongozi wake waliamua kwamba kutangaza kuna faida. Huo ni uamuzi mzuri, na uliokoa maisha ya watu. Lakini kwa anayetafuta kasoro, namba inayotegemea uamuzi mzuri wa mkubwa inahitaji kuchunguzwa upya kila mlipuko unapotokea, maana uamuzi unaweza kugeuka na hakuna wa kuuzuia. New York nako namba ilipindwa, na aliyeipinda alikaguliwa na ofisi nyingine ya jimbo lilelile ndani ya mwaka mmoja. Andika vyote viwili, namba ilivyo leo na nani anaweza kuirekebisha kesho.

Kagera inatupa mfano wa karibu zaidi. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwepo kwa washukiwa wa Marburg mkoani humo, tisa kwa idadi, wanane wakiwa wamekufa. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja, mkurugenzi mkuu wa shirika hilo akiwa pembeni yake. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 huzitaka nchi kutoa taarifa ndani ya saa 24 tangu zitathmini tukio, na pia hulipa shirika ruhusa ya kutumia taarifa zisizotoka serikalini. Siku sita za mvutano si chache, kwa ugonjwa unaoua kwa kasi ile. Lakini ukizipima kando ya miezi kumi na minne ya namba 509, utaona kuna kitu kilichobadilika, na kazi yako ni kukitaja kwa kipimo chake bila kukipunguza wala kukikuza.

Ukishaipata kasoro, uiandikeje?

Usiandike "serikali inadanganya" ukiwa na ushahidi wa upungufu wa vipimo, wala usiandike "takwimu hazijakamilika" ukiwa na ushahidi wa mtu aliyefukuzwa kwa kuzitoa. Tamka kilichohesabiwa, nani alikihesabu, kigezo kilikuwa kipi tarehe hiyo, na vipimo vilikuwa vingapi. Namba ya serikali iweke, hata usipoiamini, pamoja na tarehe yake na pembeni yake ile unayoiona kuwa karibu na ukweli, kama masafa na si tarakimu moja. Mlinde aliyekupa taarifa kabla hujailinda habari yako: nesi akiwa ndiye peke yake aliyekuwa zamu usiku ule, kutaja wodi na tarehe ni sawa na kumtaja jina.

Na uhifadhi. Kila jioni chukua nakala ya ukurasa wa takwimu wa wizara kama ulivyo, iandike tarehe na saa, uiweke mahali pawili. Waandishi wa Brazili waliweza kuonyesha kilichofutwa kwa sababu walikuwa na kilichokuwepo jana yake. Picha ya ukurasa wa rejesta ya vibali vya mazishi ya mtaa wako, iliyopigwa mwaka huu ambao hakuna janga, ndiyo itakayomwambia mtu mwaka wa janga kama wanaozikwa wamezidi au hawajazidi.